Kaye ya shantie haitoshi tena

 

Siye wenye kuongea hapa tulisoma, diplome tuko nazo, kazi hatuna. Wamoja kati yetu walishafanya kibarua ku barabara: waliandika masiku ya wafanyakazi na saa za mashini mu kaye. Siku moja mvua ikanyesha, kaye ikaloa, wino ikatoka. Mwisho wa mwezi mukubwa wa shantie akasema: "Onyesha kwenye iliandikwa." Watu wakapoteza malipo ya masiku walitumika. Kuna mtu alikula ile feza? Hatuwezi kusema, na shida iko palepale: hakuna alama.

Ndiyo maana leo tunaleta habari ya ERP. Jina inatisha, lakini kitu chenyewe ni chepesi: programu moja yenye kuunganisha stoki, manunuzi, mashini, malipo ya watu na kontabilite. Jambo linaandikwa mara moja, kila mwenye ruhusa analiona.

Ku kampuni ya barabara inatumika hivi. Kontra iko na orodha ya kazi: kuchimba udongo, kuleta changarawe, kujenga mifereji, kumwaga lami. Kila mustari iko na kiasi na bei. Kamio ikileta changarawe, inaandikwa ku mustari yake. Mazuti ikiingia mu mashini, inaandikwa pamoja na saa mashini ilitumika. Kama mashini ililala siku nzima na mazuti ilitoka, inaonekana siku ileile. Fakture ya kupeleka ku serikali inatoka ku kazi iliyopimwa, haitoki mu kichwa ya mtu.

Mutauliza: sisi raia inatuhusu nini? Inatuhusu. Tangu sheria ya 2008, FONER inapata feza ku mafuta na ku peaje. Ukipanda moto kwenda soko, umeshalipa barabara. Na mu mwezi wa tatu 2024, serikali na Wachina wa Sicomines walikubaliana mpaka miliari 7 za dolari za kujenga, zaidi barabara, kama bei ya shaba inabaki juu. Feza kama ile haiwezi kufuatwa na kaye yenye kuloa.

Lakini tusidanganyane. Programu haizuie uongo. Ukiandika kamio kumi na zimefika sita, ordinatere itakubali kumi. Kampuni nyingi zinanunua programu, kisha kila kitu kinaandikwa mu biro kiisha wiki tatu, ku karatasi za zamani. Hapo umenunua kaye ya bei kali tu. Na bei si kisingizio: Odoo ya Belgiki iko na toleo la bure, ERPNext vilevile. Chenye kugharimu ni kufundisha watu, kuriendi, na mukubwa kukubali kuonwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Moja: kampuni ianze pole pole. Stoki na mazuti kwanza, shantie moja, kuandika palepale na telefone, hata bila rezo, itume kiisha. Malipo ya watu yafuate, na kila kibarua apate ujumbe wa siku yake.

Mbili: serikali, ikitoa kontra ya barabara, idai hesabu za namna hii, na raia waonyeshwe kontra ni ya bei gani, kilometre ngapi zimeisha, feza ngapi zimelipwa.

Tatu: kazi ya kuandika zile data ipewe vijana wa pale barabara inapita. Tuko wengi, tunajua kusoma orodha ya bei na kupima mufereji.

Na siye hatutangoja na mikono mifukoni. Mwenye ordinatere ailete, mwenye kujua afundishe wenzake. Siku watauliza nani anaweza, tusikose jibu.

Barabara ni yetu. Hesabu yake pia ni yetu.