Karandinga kwa Mshtakiwa, Nauli kwa Aliyeumizwa

Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti yake ya haki jinai, Ikulu ya Chamwino, Julai 15, 2023. Nani akamate na nani asikamate, polisi wabadilike vipi, mahabusu wakae rumande hadi lini: hayo yamezungumzwa sana, na yanastahili kuzungumzwa. Redio hii ina wasiwasi na mtu mwingine. Aliyeumizwa yuko wapi?

Tumfuate binti wa Basotu, hapa Hanang, aliyebakwa. Polisi wamempa PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali. Mama yake ameikunja mara nne, ameifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela ya gari, safari ya Katesh imeanza. Hospitali. Dawati la Jinsia na Watoto. Mahakama ya Wilaya. Kesi inatajwa, inaahirishwa. Inatajwa tena, inaahirishwa tena. Kila tarehe ni nauli. Mshtakiwa aliye rumande analetwa na karandinga, ameshiba chakula cha serikali. Hatusemi anyimwe, naye ana haki zake. Tunauliza: aliyeumizwa, nani kamlipia nauli?

Sheria yenyewe haikumsahau. Kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu kinataka mbakaji afungwe, na juu ya kifungo amlipe fidia aliyemtendea. Kifungu cha 169A, cha ukeketaji, nacho kinataka fidia. Lakini mtu aliyefungwa miaka 30 atailipa kwa kitu gani? Fidia inabaki kwenye karatasi ya hukumu, na binti anarudi Basotu mikono mitupu. Wenzetu wa Kenya walitunga sheria ya kuwalinda waathirika wa uhalifu mwaka 2014, na ndani yake wakaweka mfuko. Mfuko wa namna hiyo sisi hatuna.

Na tusiusahau ukeketaji, maana ni aibu yetu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa mkoa wetu wa Manyara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Wakati huo hakuna mkoa uliotuzidi. Hapo aliyeumizwa ni mtoto, na wa kushtakiwa mara nyingi ni mzazi wake. Huyo naye, nani atampa nauli ya kwenda kumshtaki mama yake?

Ndiyo maana kesi zinamalizikia nyumbani. Wazee wanakaa, ng'ombe wanatoka boma hili kwenda boma lile, baba anapeana mkono na baba mwenzake. Tarehe ya kesi ikifika, binti kapelekwa kwa shangazi, hajulikani aliko. Kesi inakosa shahidi, inafutwa. Watu wanaita hiyo mila. Mila gani? Hapa Hanang, Wabarbaig walikuwa na baraza la akina mama. Mwanamume aliyemdhulumu mwanamke aliitwa mbele yao, wakamtoza dume la ng'ombe, na akikaidi walimlaani. Wanawake wenyewe ndio waliosikiliza, wao ndio walioamua. Hiki kikao cha leo, ambamo binti hata hasikilizwi, ni biashara ya mifugo juu ya mwili wa mtoto.

Wakubwa mlio na ripoti mezani, isomeni na huyu binti akilini. Wabunge wetu wa Mbulu na Hanang, simameni Dodoma mdai mfuko wa waathirika, mdai nauli itangulie tarehe ya kesi. Madiwani, fungu la nauli litengwe, msisubiri Dodoma. Mwenyekiti wa kitongoji, ukiitwa kwenye kikao cha kumaliza ubakaji kwa ng'ombe, kataa! Usiandike muhtasari, usigonge muhuri. Mwalimu, ukimwona mtoto amenyamaza ghafla, muulize. Na wewe jirani unayenisikiliza sasa hivi, Haydom, Dongobesh, Endasak: piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, eleza unachokijua. Kisha mfuate mama wa binti aliyeumizwa kwake, muulize tarehe ya kesi ni lini, mchange nauli mapema, na asubuhi hiyo mmoja wenu apande naye gari.