Vijana wa Kabila Nyingi Shuleni Tabora



Njia ya misafara, toka Bagamoyo hata Ujiji, ilikutanisha watu wengi hapa Tabora. Reli ilipofika mwaka 1912 wapagazi walipungua. Shule zikashika kazi ile. Katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe alifundisha Julius Nyerere, naye Mzanaki, alipotoka Makerere mwaka 1945, kabla hajaenda Edinburgh mwaka 1949.

Sisi tuliolala bwenini twakumbuka usiku wa kwanza: Mfipa hakumwelewa Muha, tukanyamaza kwa haya. Kiswahili ndicho kilichotufungua vinywa, pamoja na ugali wa sahani moja. Mwenzetu mmoja aliitwa nyumbani. Babaye aliogopa mwanawe atakuwa mgeni kwao. Kitanda chake kilikaa kitupu hata mwisho wa mwaka.