Lalamiko Lako Linavyochambuliwa Kabla ya Barua Kuandikwa



Mtumiaji anapofika ofisini petu na bidhaa mbovu, hutarajia kwamba tutamwandikia muuzaji barua kali siku iyo hiyo. Hatufanyi hivyo. Sisi wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yetu inatambuliwa nchini Kenya na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, huandika kwanza waraka wa ndani wa uchambuzi, kisha wakili huupitia. Barua, mapatano au kesi itakayofuata hutegemea waraka huo. Tunapenda mfahamu unavyoandikwa, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu yake hutoka kwenu.

Tuchukue mfano wa mama aliyenunua dukani friji mpya ya matumizi ya nyumbani kwa shilingi 48,000. Siku ya kumi na moja friji ikaacha kugandisha. Muuzaji anakataa kuipokea, na anamwonyesha maneno yaliyochapishwa chini ya risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Waraka huanza na swali. Hatuulizi iwapo muuzaji ni mtu mbaya. Tunauliza: je, mnunuzi huyu anaweza kuirudisha friji na kudai fedha zake, licha ya maneno yaliyo kwenye risiti? Chini yake huja jibu fupi, ili wakili ajue mapema tunakoelekea.

Sehemu ya pili ni mambo yaliyotokea, kwa mpangilio wa tarehe: siku ya kununua, bei, maneno ya muuzaji, siku hitilafu ilipoonekana, na siku muuzaji alipojulishwa. Maoni hayana nafasi hapa. "Friji hii ni takataka" ni maoni. "Niliweka maji saa mbili usiku, na kufikia asubuhi hayakuwa yameganda" ni jambo linaloweza kuthibitishwa.

Sehemu ya tatu ni sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, katika kifungu cha 16, inamtaka mwenye biashara ya bidhaa za aina fulani auze zenye ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka ahadi yoyote. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inabatilisha maneno yoyote yanayokusudia kumwondolea mtumiaji kinga hiyo. Kwa hiyo, maneno ya risiti pekee hayamalizi shauri la mama huyu.

Sehemu ya nne ndiyo ngumu: kuioanisha sheria na yaliyotokea, kwa pande zote mbili. Sheria iyo hiyo inasema kwamba mnunuzi aliyeikagua bidhaa kabla ya kununua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Aidha, akikaa na bidhaa kwa muda usio wa kawaida bila kusema kwamba anaikataa, huhesabiwa kuwa ameikubali, na huenda akabaki na dai la fidia tu. Hoja hizi za muuzaji tunaziandika kwa ukamilifu kama tunavyoandika zetu.

Tulijifunza haya kwa gharama. Katika siku zetu za mwanzo tuliandaa waraka uliojaa hoja za mlalamishi peke yake. Hatukumwuliza kama kuna mtu aliyeigusa mashine yake. Siku ya mapatano muuzaji alitoa picha: fundi wa mtaani alikuwa amekwisha kuifungua na kubadilisha vipuri. Mlalamishi hakuwa ametudanganya, hatukuwa tumemwuliza. Dai ambalo huenda lingesimama likadhoofika mbele ya macho yetu, naye akarudi nyumbani mikono mitupu.

Sehemu ya mwisho ni hitimisho na hatua inayopendekezwa. Kwa mama wa friji, hatua ya kwanza ni barua ya madai. Muuzaji akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mlalamishi anaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa.

Kwa hiyo, ndugu watumiaji, tunawaomba mambo manne. Tunzeni risiti, na ujumbe wa malipo ya simu msiufute. Mjulisheni muuzaji mapema, tena kwa maandishi. Msimruhusu fundi mwingine kuifungua bidhaa kabla muuzaji hajapewa nafasi ya kuiona. Na mnapofika kwetu, tuelezeni pia lile mnaloona haya kulisema, kwani msipotuambia ninyi, tutaambiwa na muuzaji, na wakati huo huenda tumekwisha kuchelewa.