Shati Lako Lina Mkataba Ndani Yake



Kaka na dada zangu, haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao chetu cha vijana. Wengi ambao hawakufika waliomba niyaandike, kwa hivyo nimeyaweka hapa karibu kama nilivyoyasema.

Kabla sijaanza, vuta kola ya shati lako usome kile kitambaa kidogo cha shingoni. Kimeandikwa nchi gani? Uchina? Bangladesh? Uturuki? Sasa jiulize ulilinunua wapi. Wengi wenu mtasema Kongowea, ama Gikomba, ama kwa yule jamaa anayetandika turubai kando ya barabara baada ya magharibi. Shati limeshonwa Asia, likavaliwa Ulaya ama Marekani, likafungwa ndani ya mtumba, likashuka bandarini Mombasa, na leo liko mgongoni mwako. Kila hatua ya safari hiyo kuna mtu aliketi mezani akatia sahihi. Leo nataka tuzungumze kuhusu hiyo meza.

Kwetu nyumbani kuna mjomba anayeuza mitumba Kongowea. Amesomesha watoto wanne kwa kazi hiyo. Na kuna dada yangu mkubwa, ambaye miaka ile alikuwa akishona suruali katika kiwanda cha EPZ. Suruali zenyewe hazikuuzwa hapa hata moja, zote zilipanda meli kwenda Marekani. Machi 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakubaliana kwamba nguo za mitumba zipunguzwe hadi zikome kabisa ifikapo 2019, ili viwanda vyetu vipate nafasi. Habari ikatangazwa tukiwa tunakula. Dada akasema, "Alhamdulillahi, sasa viwanda vitarudi." Mjomba akaweka kijiko chini. "Na mimi nirudi wapi?"

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza sekondari. Sikuwa na jibu. Leo nina nusu ya jibu, na hiyo nusu ndiyo nimewaletea.

Tuanze na kile wanachofundishwa watu wa uchumi. Mwaka 1817 Mwingereza kwa jina David Ricardo aliandika mfano ambao hadi leo husomeshwa vyuoni. Alizitaja nchi mbili na bidhaa mbili. Uingereza, kutengeneza nguo kiasi fulani kunahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka, na divai ya kiasi fulani watu 120. Ureno, nguo zile zile zinahitaji watu 90, na divai watu 80. Tusamehe hiyo divai, ndio mfano alioutumia. Tazama hesabu: Ureno ni hodari kuliko Uingereza katika vyote viwili. Sasa kwa nini ihangaike kufanya biashara?

Ricardo akasema, subiri. Ureno ikikaza kwenye divai na Uingereza kwenye nguo, kisha wabadilishane, Uingereza inapata kwa kazi ya watu 100 kitu ambacho kingeigharimu watu 120. Ureno inapata kwa kazi ya watu 80 kitu ambacho kingeigharimu 90. Kila mmoja amebakiza kitu mfukoni. Ni kama mama mmoja mtaani anayemshinda jirani yake kwa kushona na kwa kupika mahamri. Bado inamfaa akae kwenye cherehani, ambako ushindi wake ni mkubwa zaidi, na mahamri anunue kwa jirani. Wote wawili watakula vizuri zaidi.

Nadharia hii si uongo. Nataka mlielewe hilo, manake kuna wale kati yetu wakisikia "biashara huria" wanaona ni njama tu. Mwalimu wa kijijini anayevaa suruali safi ya shilingi 200 anafaidika. Mjomba wangu anafaidika. Mama anayenunua sweta la mtoto wakati wa baridi kule Limuru anafaidika.

Lakini nadharia ina masharti yake, na masharti hayo hayasemwi kwa sauti. Ricardo alihesabu nchi nzima. Hakusema ile faida itamfikia nani ndani ya nchi. Na hesabu yake inachukulia kwamba mfumaji aliyepoteza kazi ataingia kwenye kazi nyingine bila shida. Mwaka 1941 wachumi wawili, Wolfgang Stolper na Paul Samuelson, wakaonyesha kwa hesabu kwamba biashara ya nje inapoinua kipato cha kundi moja ndani ya nchi, inaweza kushusha cha kundi lingine. Yaani keki inakuwa kubwa, na wakati huo huo kuna mtu kipande chake kimepungua. Hata Marekani, watafiti walipochunguza miji ya viwanda iliyopigwa na bidhaa za Uchina, walikuta wafanyakazi wengi hawakuhamia kazi nyingine upesi kama vitabu vilivyoahidi. Kama ni hivyo kule, kwetu itakuwaje?

Na kuna jambo lingine. Nani anapanga nani akaze kwenye nini? Hapo turudi pwani yetu.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuhusu vitambaa vilivyofumwa pale, vizuri hata vikapelekwa kuuzwa Misri. Pate nako hariri ilifumwa, na Wareno wa karne ya 16 waliiandika. Kwa hivyo anayekwambia watu wa pwani hii hawakujua kutengeneza kitu, hajui historia.

Sasa ruka hadi mwaka 1833. Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, anatia sahihi mkataba na Marekani. Mkataba unasema mfanyabiashara wa Kimarekani atalipa ushuru usiozidi asilimia 5 kwa mzigo anaoshusha. Miaka sita baadaye Uingereza nayo ikapata masharti kama hayo. Meli kutoka Salem, jimbo la Massachusetts, zikaleta kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa kwa mashine. Bibi zetu walikiita merikani, na jina hilo liko nasi hadi leo. Kilikuwa imara na bei yake nzuri, watu wakakipenda. Kikaingia bara hadi kikatumika kama pesa kwenye misafara.

Lakini kumbuka Marekani yenyewe ilikuwa ikifanya nini kwao. Mwaka 1816 ilikuwa imepitisha sheria ya ushuru mkali dhidi ya vitambaa vya pamba vya bei ya chini, hasa kutoka India, ili viwanda vichanga vya Massachusetts vipumue. Ushuru uliandikwa asilimia 25, ila ulihesabiwa kwa namna ambayo kitambaa cha bei ya chini kililipa zaidi ya hapo. Alexander Hamilton, waziri wao wa kwanza wa fedha, alikuwa ameshaeleza wazo hilo tangu 1791: kiwanda kichanga kinahitaji kulindwa kabla ya kushindana. Kwa hivyo kile kitambaa kilikua nyuma ya ukuta, kisha kikaja kuuzwa mahali ambapo mkataba umekataza kujenga ukuta.

Sisemi merikani pekee ndiyo iliyowashinda wafumaji wetu. Mashine ingewasumbua kwa vyovyote, na kule Benadir walivumilia miaka mingi baadaye. Ninachosema ni kwamba kile chombo cha kujilinda kilikuwa kimeshasalimishwa kwa sahihi moja, na mfumaji wa Mogadishu ama Pate hakuulizwa. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Tuje kwa Kenya yetu. Baada ya uhuru tulikuwa na viwanda vya nguo, Kicomi kule Kisumu, Rivatex kule Eldoret, na vingine. Vilikuwa vimelindwa na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, tulifungua milango haraka, na mitumba ikamiminika. Viwanda vingi vikafungwa. Lakini tuwe wakweli. Baadhi ya viwanda hivyo vilikuwa vimelala ndani ya ulinzi: mashine za zamani, umeme wa bei ghali, mkulima wa pamba akilipwa kwa kuchelewa. Kwa hivyo ukuta bila kazi ndani yake ni bure. Hata wewe ukilindwa na wazazi hadi miaka 40 bila kujifunza kitu, siku ukitoka utaanguka.

Kisha ikaja AGOA. Sheria hii ya Marekani ilipitishwa mwaka 2000, na iliruhusu nguo kutoka nchi kama Kenya kuingia kwao bila ushuru. Hii si zawadi ndogo. Bila AGOA, suruali ya pamba hulipa asilimia 16.6 pale Marekani, na baadhi ya nguo za nyuzi za viwandani hufika asilimia 32. Ndio maana dada yangu alipata kazi. Ila kitambaa chenyewe mara nyingi kilitoka Asia, kwa kuwa sheria iliruhusu hivyo, na mkulima wa pamba wa Lamu ama Busia hakuona faida kubwa.

Sasa unganisha hizo mbili, mitumba na AGOA. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kiliilalamikia serikali yao kwamba mpango wa Afrika Mashariki unawaharibia soko. Marekani ikaanza kupitia upya kama Rwanda, Uganda na Tanzania zinastahili kubaki ndani ya AGOA. Kenya ilikuwa imeshajiondoa kwenye mpango ule, manake tulikuwa na mengi ya kupoteza. Uganda na Tanzania wakalegeza. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ikakataa kurudi nyuma. Julai 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru.

Umeona sasa? Kazi ya dada yangu EPZ ilikuwa imefungwa kamba moja na mtumba wa mjomba. Wao walibishana mezani pale nyumbani, kumbe meza halisi ilikuwa Washington.

Na hata tulipokubali, hatukupata uhakika. AGOA ilikuwa na tarehe yake ya mwisho, 30 Septemba 2025, na tarehe ilipokaribia, kiwandani kwa kina dada mikataba ya kazi ilianza kufupishwa. Aprili mwaka huo huo rais wa Marekani alitangaza ushuru mpya kwa nchi nyingi. Kenya ikatajiwa asilimia 10. Lesotho, nchi ndogo inayotegemea kushona nguo, ikatajiwa 50, na baadaye ikashushwa hadi 15. Kutoka 50 hadi 15! Hiyo haikutoka kwa Ricardo. Ni mtu ameandika namba kwenye karatasi, na kule Maseru fundi anasubiri kujua kama kesho ana kazi.

Sasa sisi tufanye nini? Siwaambii tufunge bandari. Mji wa Mombasa umejengwa na biashara ya nje, na nusu ya nyumba zetu zinakula kutokana nayo. Siwaambii pia tuchome mitumba. Nawaambia kila mkataba unapokuja, tuulize maswali matatu. La kwanza: nani hasa atapata, na nani hasa atapoteza, kwa kazi na kwa mtaa, si kwa jumla ya nchi? La pili: anayepoteza amewekewa nini, na muda gani wa kujipanga? La tatu: ikiwa mambo yatageuka, tumebakiza nafasi ya kupandisha ushuru, ama tumeisalimisha kama mwaka 1833?

Na maswali haya tuna haki ya kuyauliza. Katiba, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ambao Kenya imeuidhinisha unakuwa sehemu ya sheria zetu. Kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na sheria ya mwaka 2012 kuhusu mikataba inaupitisha kwa Bunge la Taifa kabla ya kuidhinishwa. Mkataba wetu na Umoja wa Ulaya ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kazi 1 Julai 2024. Bidhaa zetu zinaingia kwao bila ushuru tangu siku ya kwanza, na sisi tunawafungulia polepole, ndani ya miaka 25. Miaka 25, ndugu zangu! Mtoto atakayezaliwa mwaka huu atatafuta kazi ndani ya mkataba huo. Wangapi hapa walijua? Nilipouliza ukumbini, mikono mitatu ndiyo iliyoinuka.

Kwa hivyo tangazo la Bunge la kuomba maoni ya wananchi likitoka, tusiliache kwa mawakili na mabwana wakubwa wa Nairobi. Kaa na wauza mitumba wanne na mafundi cherehani wanne. Waulize yale maswali matatu. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chako, mtie sahihi, muupeleke. Aliyesoma awasomee wasiosoma.

Mwezi uliopita nilimketisha mjomba na dada pamoja, tukaandika ukurasa wetu wa kwanza kuhusu mitumba na viwanda. Walibishana tena, karibu saa nzima. Lakini safari hii walikubaliana juu ya jambo moja, na ndilo tulilolitia juu kabisa: ushuru wowote utakaotozwa kwenye mitumba uende kwa pamba, umeme wa viwanda, na mtaji kwa muuzaji anayetaka kuhamia nguo za hapa. Mjomba ndiye aliyeanza kutia sahihi.