Kuandaa Mashindano ya Kimataifa ya Sayansi kwa Sekondari: Tuanze na Watu



1. Utangulizi

Likizuka suala la nchi zetu za Afrika Mashariki kuwa wenyeji wa mashindano ya kimataifa ya sayansi, mazungumzo hukimbilia kumbi, hoteli na mgeni rasmi. Hoja yangu ni kwamba mzigo mzito uko kwa watu wanaochambua maswali, wanaoandaa majaribio na wanaosahihisha. Tukiwa nao, kumbi zitapatikana. Tukiwakosa, hakuna ukumbi utakaoziba pengo hilo.

2. Waliotutangulia

Julai 2014, Cape Town ilipokea Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, ya kwanza katika bara letu tangu mashindano hayo yaanze Romania mwaka 1959. Walishindana wanafunzi 560 kutoka nchi 101. Olimpiadi ya Kimataifa ya Sayansi kwa vijana wadogo, yenye fizikia, kemia na biolojia, ilifanyika Abuja mwaka 2010 na Gaborone, Botswana, mwaka 2018. Botswana haifikishi hata watu milioni tatu, kwa hiyo udogo wa nchi si kisingizio. Jirani kabisa, Nairobi iliandaa Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika mwaka 2018, na Kigali mwaka 2023.

3. Kazi yenyewe

Katika hisabati, nchi shiriki hutuma maswali, na jopo la mwenyeji huyachuja. Viongozi wa timu hufika siku chache kabla ya wanafunzi, huchagua maswali sita, huyatafsiri, kisha hukaa mbali na wanafunzi wao ili siri isivuje. Wanafunzi hufanya mtihani kwa siku mbili, saa nne na nusu kila siku.

Baada ya hapo ndipo mwenyeji anapopimwa. Kila kiongozi huketi na waratibu walioteuliwa na mwenyeji, akitetea alama za wanafunzi wake, swali kwa swali. Mratibu anaweza kuwekewa karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Lazima afuate hoja ya mwanafunzi hatua kwa hatua, asimpunje mgeni wala asimbebe mwenyeji. Ustadi huo haupatikani kwa warsha ya juma moja.

Masomo ya maabara yana ugumu wake. Katika fizikia kila nchi huleta wanafunzi hadi watano, na jaribio huweza kuchukua saa tano. Zikija nchi 80 na wote wakafanya kwa wakati mmoja, zinahitajika seti 400 za vifaa vinavyofanana, pamoja na vya akiba. Kifaa kimoja kikisoma vibaya, mtoto aliyesafiri kutoka mbali ameonewa. Mafundi sanifu wa maabara, ambao mara nyingi tunawasahau, ndio wanaobeba heshima ya mashindano hapo.

4. Mapendekezo

(a) Kila kanda iwe na mashindano ya mwaka ambayo walimu wa sekondari na wahadhiri wanasahihisha pamoja, kwa mwongozo mmoja wa alama na nafasi ya kukata rufaa.

(b) Walimu wetu waombe kwenda kusaidia nchi nyingine zinapoandaa, na sisi tualike wenye uzoefu kutoka nje zamu yetu itakapofika.

(c) Tupande ngazi: kwanza mashindano ya kikanda, kisha ya Afrika, ndipo ya dunia. Yafanyike wakati wa likizo ya vyuo, mabweni yakiwa wazi.

(d) Bajeti itamke tangu mwanzo ni shule zipi zitakabidhiwa vifaa vya maabara baada ya mashindano, na shule za kata zipewe kipaumbele.

5. Hitimisho

Wageni hukaa kwa siku kumi hivi, kisha huondoka. Mwalimu aliyejifunza kutunga swali linalomfanya mwanafunzi afikiri hurudi darasani kwake na kufundisha kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo faida inayostahili gharama, na haihitaji kusubiri tuteuliwe kuwa wenyeji. Naomba semina hii ya walimu na maofisa elimu iazimie kuanza na pendekezo la kwanza mwaka huu, kwa walimu tulio nao na maabara tulizo nazo.