Gari la Mwambani na Mchangani



Twawaona mafundi wa Jinja na Mbale wakiyainua malori kwa kuongeza springi, yapate kupita mawe ya Mlima Elgon na mito mikavu ya Karamoja. Ufundi huo hatuupingi; mikono yao ni hodari. Lakini gari lililoinuliwa hupinduka upesi konani, hasa likiwa na abiria juu ya magunia. Mchangani dereva hupunguza upepo ili tairi likanyage kwa upana. Aurudishe kabla ya kushika lami, kwani tairi legevu likienda kasi hushika moto, likapasuka. Nanyi mnaobadilisha injini, ipelekeni namba yake ikaandikwe katika kitabu cha usajili, msizuiliwe Suam au Malaba huku nyanya zikioza.