Embe la Desemba, Nsansa ya Agosti

Msimu wa maembe ukishafika, basi lolote linalosimama Igunga, mkoani Tabora, linazungukwa na ndoo. Abiria wa Mwanza na wa Singida wananyoosha mikono madirishani, sado inapanda, noti inashuka, na kabla dereva hajaondoa gari kuna mtu ameshachafua shati. Hatua chache kutoka hapo, kwenye genge, mafungu ya mchicha yamelazwa chini ya gunia lililoloweshwa maji, na hakuna anayeyakimbilia. Ubishi wa kila mwaka unaanzia hapo: kati ya hivyo viwili, kipi kinaujenga mwili zaidi? Vijiweni wengi wanasema embe. Wahudumu wa kliniki wanasema mboga za majani. Mimi naona pande zote mbili zimeuliza nusu ya swali.

Tuanze na nusu hiyo. Chukua gramu 100 za embe bivu, weka pembeni gramu 100 za mchicha uliopikwa. Kwa nguvu za kukimbia na kulima, embe liko mbele: kalori kama 60, karibu zote za sukari, na mchicha una 21 tu. Kwa vitamini C vinakaribiana, miligramu 36 za embe kwa 41 za mchicha, ilimradi mpishi hakuuchemsha mpaka ukapoteza rangi. Kwenye madini hakuna mashindano. Chuma kilichomo kwenye embe hakifiki hata robo ya miligramu, na mchicha una zaidi ya miligramu 2. Kalsiamu ya embe ni miligramu 11, ya mchicha inapita 200, ingawa sehemu kubwa ya hiyo haifyonzwi, kwa sababu mchicha una asidi inayoishika na kutoka nayo.

Na chuma ndicho kinachojenga damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 45 walikuwa na upungufu wa damu, na katika kila watoto 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, waliopungukiwa damu walikuwa 58. Kwa takwimu kama hizo, na kwa chuma kile cha mchicha, mtu angefunga kesi mapema na kuipa mboga ushindi.

Lakini kuna vitamini A, ile ya macho na ya kinga ya mtoto. Majedwali ya lishe yanaandika mikrogramu 54 kwa embe na karibu 140 kwa mchicha. Mboga imeshinda tena, na kwa mbali. Ndivyo tulivyofundishwa miaka mingi. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la The Lancet likachapisha utafiti uliofanyika Indonesia. Akina mama wanaonyonyesha walilishwa mboga za majani kila siku kwa wiki kadhaa, walipopimwa, vitamini A mwilini mwao haikuwa imepanda. Wenzao waliopewa biskuti zilizotiwa beta-karotini, ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, wao ilipanda. Mwaka 1998 ukatoka utafiti mwingine wa hukohuko, safari hii kwa watoto wa shule, na matunda ya njano yakazipita mboga za majani. Hesabu iliyopatikana ni hii: ili mwili upate sehemu 1 ya vitamini A, unahitaji sehemu 12 za karotini ya tunda, lakini 26 za karotini ya majani.

Sasa rudi kwenye jedwali letu. Lenyewe lilikuwa limetumia 12 kwa vyote viwili. Ukitumia 26 kwa mchicha, ile 140 inashuka mpaka kama 65. Embe liko kwenye 54. Hapo tofauti imekuwa ndogo kiasi kwamba ukubwa wa embe lenyewe unaweza kuifuta.

Sababu iko ndani ya jani. Karotini ya mboga imekaa katika vipengele vidogo vya kijani, imeshikamana na protini, na kutafuna kwetu hakuvivunji vyote, nyingine inapita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Ya embe bivu imeyeyuka katika vijitone vidogo vya mafuta ndani ya nyama ya tunda, kwa hiyo mwili unaipata bila kazi kubwa. Embe bichi, lile la chumvi na pilipili ambalo watoto wanalipenda, hilo karotini yake ni kidogo. Sifa yake ni vitamini C.

Basi mboga imeshindwa? Hapana, imepikwa vibaya. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1973, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walizipima mboga za majani za nchini mwetu zikiwa zimepikwa bila mafuta na zikiwa zimepikwa kwa mafuta. Mafuta ya alizeti yaliongeza sana karotini inayoweza kufyonzwa. Mawese yaliifikisha mbali zaidi, maana yenyewe yamejaa karotini. Igunga hatuna cha kusingizia: alizeti ya Singida inateremka Sekenke mpaka mlangoni kwetu, na mawese ya Kigoma yanafika Tabora kwa reli.

Na kabla ya maabara hizo, jibu lilikuwa jikoni mwetu. Mfikirie mama wa Kinyamwezi au wa Kisukuma anapoandaa nsansa. Masika yanapoishia, majani ya kunde yangali laini, anayachuma, anayachemsha kidogo, anayaanika, na yakishakauka anayafungia mahali pasipo na unyevu. Miezi inapita. Siku ya kupika anachukua konzi mbili, analoweka, anabandika jikoni, halafu anamimina karanga zilizotwangwa na kukoroga taratibu. Mwanzoni ni majani meusi kwenye maji. Karanga zikianza kuiva, mchuzi unakuwa mzito, rangi inageuka kahawia, na mafuta yanaonekana pembeni mwa sufuria. Mafuta hayo ndiyo yanayoifungua karotini. Anayepika nsansa bila karanga ili kubana matumizi amebana mahali pabaya kuliko pote. Heri angepunguza vipande vya nyama ya mchana.

Nisiwapake wazee mafuta kupita kiasi. Kuanika juani moja kwa moja, juu ya jiwe au bati, kunaunguza sehemu kubwa ya karotini, na vitamini C karibu yote inapotea. Jani lililoanikwa kivulini, penye upepo, linabaki na zaidi. Tofauti hiyo haina gharama yoyote, ni kuhamisha mkeka tu.

Nusu ya pili ya swali ni mwezi. Unakula nini Desemba, na unakula nini Agosti? Mwembe ni mgeni huku. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, ukafika pwani, ukaingia bara na misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na miembe mikubwa iliyozeeka bado inaonyesha njia ile. Kunde ni mazao ya Afrika tangu mwanzo. Lakini kalenda haijali nani mgeni. Maembe yanakuja kwa fujo kuanzia Novemba mpaka Januari, yanaanguka, yanaoza, nzi wanafurahi, kisha kwa miezi mingi hakuna embe. Nsansa inakuwepo wakati embe halipo.

Nimewahi kusikia lawama kwamba sisi ni wavivu: tunakausha viazi tukapata michembe na matobolwa, tunakausha kunde, mbona maembe tunayaacha yaoze? Lawama hiyo haijaangalia mawingu. Kiazi na kunde vinavunwa mvua zinapoelekea kuisha, jua likiwa mbele yetu. Embe linaiva mvua zikianza. Kipande cha embe ukikianika Desemba, kabla hakijakauka kimeshaota ukungu. Linahitajika kaushio lenye nailoni juu na tundu za hewa, na hilo kikundi cha akina mama kinaweza kulijenga kwa mbao na nailoni ya bustani. Ni kazi, lakini si kazi ya mkeka tu kama ya kunde.

Sasa sahani. Kwetu tunda halihesabiwi kuwa chakula. Embe linaliwa njiani, saa nne asubuhi, na watoto, chini ya mti. Ugali na mboga vinaliwa saa nane, na mara baada yake inafuata chai ya rangi. Kwa upande wa chuma, mpangilio huu umekaa kinyume kabisa. Chuma cha mboga za majani kinafyonzwa kwa shida, na kinachokisaidia ni vitamini C iliyomo tumboni wakati huohuo, si masaa manne kabla. Chai inafanya kinyume, inakishika chuma kisipite. Embe likihamishwa kutoka saa nne hadi pale watu wanapomaliza ugali, na chai ikasogezwa hadi jioni, mama mjamzito anapata zaidi kutoka mboga ileile na embe lilelile, bila kuongeza shilingi.

  

Na kiangazi? Hapo nsansa inabaki peke yake, chuma kipo, karotini ipo kiasi, vitamini C hakuna. Watu wanakimbilia ukwaju, wakidhani kila kichachu kina vitamini hiyo. Ukwaju una uchachu mwingi na vitamini C kidogo sana, kunywa kwa utamu wake. Ubuyu ndio wenye nayo kwa wingi, kuliko chungwa kwa uzito, na nasema ule unga mweupe uliotoka kwenye kibuyu chake, si zile mbegu zilizopakwa sukari na rangi nyekundu wanazouziwa watoto getini mwa shule. Koroga kijiko cha unga huo kwenye maji ya kunywa yaliyopoa, uyanywe na mlo.

Asiyepata ubuyu atapata limao gengeni. Likamuliwe juu ya nsansa ikiwa sahanini, imeshaipuliwa, maana likichemka nayo sufuriani vitamini inaharibiwa na moto, nawe unabaki na harufu tu.